Miaka Arobaini na Moja ya Kusafisha Picha

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi jioni, fundi picha ambaye kiwanda kizima kinamwita Mzee Giza atakabidhi funguo mbili na kitambulisho kimoja, kisha atatoka kwa lango kuu akiwa ametimiza miaka arobaini na moja ya utumishi. Aliingia akiwa na umri wa miaka kumi na tisa na suruali ya kuazima. Anatoka na miaka sitini, suruali yake mwenyewe, na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu hakuna aliyefanya naye kazi katika Kitengo cha Picha kwa muda mrefu kuliko mimi, na kwa sababu wengine wote walipoombwa walikumbuka ghafla kwamba wana safari. Nimeambiwa uwe mfupi na wa kuchangamsha. Nitajitahidi, ingawa mcheshi hapa ni yeye.

Hakuajiriwa kupiga picha. Aliajiriwa kufagia sakafu ya mashine za kufuma, na angeweza kufagia mpaka leo kama fundi wa kwanza wa kitengo, ambaye sasa ni marehemu, asingekuwa anatafuta msaidizi asiyevuta sigara. Wasaidizi wawili waliotangulia walikuwa wamewasha kiberiti ndani ya chumba cha giza na kuunguza kazi ya wiki nzima. Kijana wa ufagio aliulizwa kama anaweza kukaa gizani saa tatu bila kuwasha chochote. Akajibu kwamba kwao wamekaa hivyo tangu alipozaliwa. Jina la Giza lilizaliwa siku hiyo, naye hakulikataa.

Chumba chenyewe kilikuwa chini ya ngazi za jengo la utawala, hatua nne kwa tatu, na kwa ndani ilikuwepo taa nyekundu, trei tatu za dawa, kamba yenye vibanio vya nguo, na harufu kama ya siki iliyomfuata mpaka nyumbani. Pale ndipo alipojifunza kuhesabu sekunde kimoyomoyo bila kukosea hata moja. Picha ikiwa na sehemu nyeusi kupita kiasi, alikuwa akiuzuia mwanga kwa kipande cha kadibodi kilichofungwa kwenye waya, akikichezesha juu ya karatasi ili pale penye weusi papate nafuu na kilichojificha kijitokeze. Karatasi ikishaharibika haikuwa na dawa. Ilitupwa, fundi akaanza upya.

Wasomaji wetu vijana huenda hawajui kwamba kazi ile tuliita kusafisha. Mtu alileta filamu dirishani akasema, nisafishie picha zangu, na hakuna aliyedhani kwamba picha zile zina uchafu. Kusafisha kulikuwa na maana moja tu, yaani kukitoa nje kile ambacho tayari kimo ndani ya filamu. Naomba mlishike neno hilo, kwa sababu maisha ya Mzee Giza yamekuja kukaa juu yake.

Mimi nilifika kitengoni mwaka wake wa ishirini na tano, nikiwa na cheti cha kompyuta na kiburi cha kutosha. Kiwanda kilikuwa kimenunua kompyuta mbili na skana. Idara ya utumishi ilikuwa imetoa barua kwamba mfanyakazi yeyote wa kitengo atakayeshindwa kuhariri picha kwa kompyuta ndani ya miezi mitatu ataachishwa, na atakayefaulu atasainiwa barua yake na meneja wa uzalishaji. Mzee Giza alikuwa na watoto wanne shuleni. Aliniita Mwalimu tangu asubuhi ya kwanza, na sikujua kama ananiheshimu au ananicheka. Nadhani alifanya yote mawili.

Kumfundisha kulikuwa kazi, Mungu ndiye shahidi. Kabla ya kuwasha kompyuta alizima taa ya chumba na kufunga mlango. Aliosha mikono kabla ya kugusa kibodi, akaikausha kwa taulo, akaiosha tena alipomaliza. Kipanya alikisukuma polepole kama mtu anayebeba trei iliyojaa dawa. Akishabonyeza alianza kuhesabu, moja, mbili, tatu, akisubiri picha itokee, na nilipomwambia kwamba ilishatokea alisema picha isiyosubiriwa haina adabu. Diski za kuhifadhia kazi alizitundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Siku moja mkaguzi aliingia, akazikuta zinaning'inia mstari mzima, akauliza kama zinakaushwa.

Kitu kilichomshangaza kuliko vyote ni ile amri ya kurudisha nyuma, inayofuta kosa la mwisho kana kwamba halikutendeka. Alirudia mara tatu ili aamini. Aliniuliza kama ina maana mtu anaweza kukosea na asibaki na kitu cha kutupa. Nilimwambia ndiyo. Akasema kwamba jambo hilo litawaharibu watu.

Kulikuwa pia na kifaa tulichokiita kiraka, kinachochukua kipande cha picha hapa na kukibandika pale. Kwa somo la kiraka nilimpa picha ya mkurugenzi akihutubia huku nzi ametua kwenye paji lake la uso. Mzee Giza alimwondoa nzi vizuri kabisa, kazi safi. Halafu akauliza nzi ameenda wapi. Nilipocheka, akabonyeza ile amri ya kurudisha nyuma, nzi akarudi usoni. Alisema nzi alikuwepo, yeye mwenyewe alimwona wakati anapiga picha. Ndipo nilipomweleza kwamba siku hizi kusafisha picha ni kuondoa kisichotakiwa. Akasema anaelewa, ila wangetafuta neno jingine, hilo lina mwenyewe.

Rasimu yangu ya kwanza ilirudishwa na mhariri wa jarida hili ikiwa na mstari wa wino mwekundu mahali hapa na maneno pembeni, "Safisha kuanzia hapa." Nimesafisha.

Mwezi wa pili wa masomo yetu, ghala la pamba liliungua na watu kumi na mmoja wa zamu ya mchana wakafa humo. Msimamizi wa zamu hiyo alikuwa mdogo wake Mzee Giza, tumbo moja, yule ambaye wazee wa kiwanda wanamkumbuka kwa jina la Bi Filimbi kwa sababu ya filimbi aliyoivaa shingoni na kuipuliza wakati wa mapumziko. Moto ulianzia mlango wa mbele. Waliobaki nje walisikia filimbi kutoka upande wa nyuma wa ghala, ikipulizwa mfululizo, kwa muda wa kama dakika sita. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tulisimama uani na ndoo zetu, kila mtu akiisikiliza, na ilipokoma hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mlango wa nyuma wa ghala ulikuwa umezuiwa tangu mwaka uliotangulia kwa kipande cha chuma bapa kilichochomelewa ndani, kuanzia mhimili wa kushoto hadi wa kulia, kwa sababu pamba ilikuwa ikiibwa. Kila mtu alikijua chuma kile. Lakini baada ya moto, wakati paa limeshaanguka na vifusi vimezolewa kwa haraka ambayo hatukuwahi kuiona katika kazi nyingine yoyote, fundi wa kuchomelea alitoa maelezo kwamba alikikata chuma mwezi mmoja kabla ya moto, na kwamba mlango ulibaki na kufuli tu. Ufunguo wa kufuli alikuwa nao msimamizi wa zamu. Wachache waliosema kwamba chuma kilikuwepo waliambiwa wanakumbuka mambo ya zamani. Wakanyamaza, maana nao walikuwa na watoto.

Ripoti ya awali ya kiwanda ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ilisema kwamba msimamizi aliwaongoza wenzake kwenye mlango wa nyuma na kushindwa kuufungua. Iliongeza kwamba ndugu wa karibu amethibitisha kuwa marehemu alikuwa na tabia ya kupoteza funguo tangu utotoni.

Ndugu huyo alikuwa Mzee Giza. Msibani, siku ya pili, akiwa hajala wala hajalala, alikuwa amelia mbele ya watu kwamba mdogo wake huyu na funguo hawakuwahi kupatana, kwamba walipokuwa wadogo walilala nje mara ngapi kwa sababu yake. Yalikuwa maneno ya mtu aliyefiwa, ya hasira na mapenzi, kama tunavyomlaumu marehemu kwa kutuacha. Mtu aliyabeba mpaka ofisini. Sasa yalikuwa yamepigwa chapa na kubandikwa kwa pini nne, na Mzee Giza alipita mbele ya ubao ule kila asubuhi bila kugeuza shingo. Kibaya zaidi ni kwamba aliyaamini, kama alivyoamini kwamba chuma kilikatwa. Aliamini kwamba watu wengine kumi walikufa kwa ajili ya ufunguo uliopotezwa na mdogo wake, na hakwenda kaburini kwake hata mara moja.

Siku tisa kabla ya moto, zamu ile ile ilikuwa imeshinda kombe la usafi, na Mzee Giza ndiye aliyewapiga picha ndani ya ghala, kwa filamu, chini ya bango lenye tarehe. Tume ya uchunguzi wa moto, iliyotoka nje ya kiwanda, ilikuwa imechukua daftari letu la kazi, ikaona namba ya picha hiyo, ikaiagiza. Kusema haipo kusingewezekana. Meneja wa uzalishaji wa wakati ule aliniita ofisini. Nakala ndogo ya picha ilikuwa mezani, watu wanang'aa mbele na nyuma yao giza tupu. Akaweka kidole juu ya lile giza. "Mwambie mzee wako aisafishe hii kabla haijaenda kwa tume," alisema. "Hasa hapa nyuma."

Nilielewa. Hakuna kilichoonekana pale, lakini kidole kilitosha. Kwa kiraka ilikuwa kazi ya dakika kumi, kupaka weusi juu ya weusi, na hakuna ambaye angejua. Alimtaka Mzee Giza na si mimi kwa sababu barua yake ya kufaulu kompyuta ilikuwa mezani pale pale haijasainiwa, zikiwa zimebaki siku sita, na kwa sababu baada ya yale maneno ya msibani alimhesabu kuwa mtu wao. Nilisema ndiyo, bosi. Nikashuka ngazi nikampelekea mzee agizo neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Wapo watakaouita huo uaminifu. Ulikuwa woga. Nilijua kabisa kwamba kwake neno lile lina maana nyingine, na sikumfafanulia, ili lolote litakalotokea lisiwe la mikono yangu.

Alizima taa. Akaosha mikono. Hakuichukua nakala, aliichukua filamu yenyewe akaiweka kwenye skana, kwa sababu alikuwa akisema siku zote kwamba karatasi husahau lakini filamu haisahau. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kuifanya bila mimi kumshika mkono. Nilikaa meza ya pili nikijifanya napanga bahasha. Alitafuta mahali pa kuinua vivuli, akapapata, akaanza kulipunguza giza la nyuma kidogo kidogo huku akihesabu kwa sauti ya chini, kama alivyofanya kwa kadibodi na waya miaka yote ile. Alifika saba akaacha kuhesabu.

Niliinuka nikasimama nyuma yake. Mbele ya picha mdogo wake alikuwa ameshika kombe, filimbi kifuani, mdomo wazi, kwa kuwa alikuwa akimwambia kaka yake afanye haraka watu warudi kazini. Nyuma ya bega lake mlango ulikuwa umetokea gizani. Chuma kilikuwa kimelala juu yake kutoka mhimili hadi mhimili, na alama za kuchomelea zikionekana kila upande. Mtu alikuwa ametundika tambara la kufutia sakafu juu yake, likauke.

Mzee Giza aliligusa lile tambara kwenye kioo kwa ncha ya kidole.

"Ufunguo ungefungua nini?" alisema.

Hakuniambia mimi. Nilikaa kwenye kiti cha jirani nikamweleza kila kitu, kidole cha meneja, barua, na kwamba kusafisha kulikoagizwa kulikuwa kule kwa nzi. Nilimwambia pia kwamba nilijua tangu mwanzo. Hakunigombeza, na mpaka leo ningependa angenigombeza. Aliuliza tu kama ile amri ya kurudisha nyuma inafanya kazi kwa mambo aliyoyasema mtu. Nilianza kulia. Yeye alihifadhi picha, akaichapa kubwa, akajaza kadi ya kazi kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima, "Imesafishwa kama ilivyoagizwa, hasa nyuma," akaipeleka kwa karani wa tume mkono kwa mkono na kudai sahihi.

Kesho yake aliitwa. Mimi niliitwa pia, ndiyo maana ninaweza kuyasimulia haya. Meneja alifoka kwa muda mrefu bila kusema amekasirikia nini hasa. Mzee Giza alisikiliza, kofia mkononi, na alipopewa nafasi alisema kwa adabu kwamba kwa miaka ishirini na mitano kiwanda kimemwambia safisha na amesafisha hivyo hivyo, na kama neno limebadilishwa maana, anaomba aandikiwe maana mpya kwenye karatasi, naye ataifuata. Meneja alivuta karatasi. Kisha akairudisha, kwa sababu maana ile haikuandikika.

Ningependa kuandika kwamba haki ilitendeka. Tume ilichukua mwaka na nusu. Ripoti ya mwisho ilisema mlango wa nyuma "ulikuwa na kizuizi," bila kutaja nani alikiweka. Fundi wa kuchomelea alisema alichanganya tarehe. Meneja alihamishwa kwenda kiwanda kikubwa zaidi. Hakuna aliyeshtakiwa. Mzee Giza hakufukuzwa, kwa kuwa kumfukuza wiki ile kungekuwa sawa na kusema kwa nini, lakini barua yake haikusainiwa kamwe, na bila barua hakupandishwa cheo tena. Alihamishiwa kwenye dirisha la picha za vitambulisho, na hapo ndipo alipokaa miaka kumi na sita iliyobaki.

Kitu kimoja kilibadilika. Ripoti ya mwisho ilipobandikwa, alisimama mbele ya ubao akaisoma yote, kidole chini ya kila mstari, mara mbili. Alikuwa akitafuta neno funguo. Halikuwemo. Akaomba ruhusa ya siku moja, ya kwanza baada ya miaka mingi, akaenda kaburini. Aliniambia baadaye kwamba alimtaka radhi mdogo wake kwa sauti, na kwamba wanaosema mtu akishafanya hivyo hupata nafuu hawajawahi kufanya hivyo.

Chumba cha giza kiligeuzwa kuwa stoo ya mafagio mwaka uliofuata. Jioni ya mwisho aliingia humo na dawa iliyobaki na kuisafisha picha ile kwa mikono, picha nzima, watu kumi na mmoja, kombe, mlango, chuma na tambara. Nakala kumi na moja. Alizipeleka nyumba kwa nyumba kwa miguu yake. Kamati imetaka tuorodheshe mafanikio yake makubwa. Ninaandika hilo peke yake.

Kama umeajiriwa hapa katika miaka kumi na sita iliyopita, amekupiga picha. Alikuinua kidevu, akakutania kuhusu kola yako, akahesabu mpaka tatu. Alikuwa fundi wa kompyuta kuliko mimi niliyemfundisha, lakini kovu lako liko kwenye kitambulisho chako na chunusi zako pia. Waliolalamika waliambiwa kwamba askari wa langoni anataka kukutambua wewe, si binamu yako mrembo. Vijana sita wamejifunza kazi mikononi mwake, na kila mmoja huzima taa ya chumba kabla ya kuwasha kompyuta, bila kujua kwa nini.

Juma lililopita nilimpiga picha ya jalada la jarida hili. Ilitufunza jambo la aibu, kwamba katika miaka arobaini na moja kitengo hakina picha hata moja yake zaidi ya ile ya kitambulisho. Alikaa pale ambapo wengine hukaa, akalalamika kwamba taa ni kali. Nilipofungua picha kwenye kompyuta niliona macho yake yamejaa, na chini yake mikunjo ambayo sikuwa nimeiona nikimtazama ana kwa ana. Nilimwuliza kama nimsafishe kidogo. Akaniuliza kusafisha kupi.

Nilimwambia achague.

"Kule kwa zamani, Mwalimu," alisema.

Basi tazameni jalada. Hakuna kilichoondolewa.

Mzee wangu, ahsante kwa miaka yote, na kwa siku ile moja. Tunakutakia uzee wenye afya, wajukuu watundu, na asubuhi ndefu za kukaa juani bila kuhesabu sekunde.